Panga Alilikumbuka, Uso Hakuukumbuka: Kisa cha Wakala wa M-Pesa Kisauni

Tajiri wa kibanda alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza, mfanyakazi wake aliwekewa panga shingoni, mwizi yuko karibu kiasi cha kunusa jasho lake, kisha anasema sura hakuishika. Ya pili, alisema mwizi alikuwa mmoja, na kamera ya duka la hadwea la jirani inaonyesha wawili. Ya tatu, na hii ndiyo iliyomchoma zaidi, nusu saa baada ya tukio alishindwa kukumbuka PIN ya laini ya wakala, PIN anayoibonyeza kutwa kucha. Alikosea mara tatu, laini ikajifunga.

"PIN haisahauliki hivyo," alisema. "Huyu kacheza nao."

Si hoja za kijinga. Watu wengi wenye akili zao wangesema vivyo hivyo, polisi na mawakili wakiwemo. Lakini kila kilichochukuliwa hapa kuwa dalili ya uongo ni hali inayojulikana ya ubongo ulioshikwa na hofu. Na lile jambo moja ambalo wote walilipokea kama ukweli mtupu, yaani uhakika wake siku ya gwaride la utambulisho, pale shahidi anapotakiwa kumchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, ndilo lililokuwa bovu.

Nimebadilisha vitu vidogo ili mwenyewe asitambulike, naye ameridhia kisa kiandikwe. Aliletwa kwangu kwa ushauri nasaha na shangazi yake kwa sababu usingizi ulimpaa na kila pikipiki ikipita alishtuka. Hayo ya tajiri na polisi yalijitokeza baadaye, katika mazungumzo.

Kilichotokea

Kibanda kiko kando ya barabara Kisauni, kati ya hadwea na mama auzaye viazi karai. Ilikuwa yapata saa moja na nusu usiku, adhana ya isha inakaribia, naye anafunga hesabu: noti za elfu chini, za mia mbili juu, daftari la wateja limefunguliwa, kalamu imefungwa uzi dirishani isiibiwe. Mteja mmoja wa kike alikuwa nje akitaka kutoa pesa. Pikipiki ikasimama bila kuzimwa. Kijana akapenya mlango wa ubavuni, ulioachwa wazi kwa sababu ya joto, akamwekea panga shingoni na kumwambia atoe yote. Mwenzake alimzuia yule mteja pale nje. Walichukua Sh43,000 taslimu. Simu ya kazi, ile ndogo ya vitufe, ilianguka ikavunjika. Wakatokomea upande wa Mlaleo.

Kamera inasema yote hayo yalichukua sekunde 48. Yeye alisema robo saa.

Usiku uleule aliandikisha taarifa kituoni. Afisa aliyeiandika simjui, lakini namshukuru, maana aliandika alichoambiwa bila kukipiga pasi. Uso wa mwizi: hajui. Shati: hajui, labda jeusi. Idadi: mmoja. Halafu mistari kadhaa juu ya panga. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, na ncha ya mpira imelegea inaning'inia. Kidole gumba cha mkono ulioshika mpini kilikuwa na ukucha mweusi, kama mtu aliyejigonga kwa nyundo. Ukucha huo tutaurudia.

Macho yalikuwa wapi

Tajiri alipomuuliza mbele yangu, "Mtu akuwekee panga usimjue?", alijibu kwa sauti ya chini: "Ami, mimi nilikuwa naliangalia panga." Jibu hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 1987 mtafiti wa kumbukumbu Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu picha za mteja akiwa mbele ya mhudumu wa malipo mkahawani. Kundi moja lilimwona ameshika hundi, jingine likamwona ameshika bastola. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba waliopewa picha ya bastola waliikodolea zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na baadaye kumbukumbu yao ya mtu mwenyewe ilikuwa dhaifu. Hao walikuwa wamekaa kitini, wakijua hakuna wa kuwadhuru. Sasa mchukue mtu ambaye chuma kimemgusa ngozi.

Yuko mtafiti aliyesogea karibu zaidi na hali hiyo. Mwaka 2004 Charles Morgan na wenzake walichapisha matokeo ya wanajeshi zaidi ya 500 wa Marekani waliopitia mafunzo ya kustahimili utekwaji. Kila mmoja alihojiwa ana kwa ana mara mbili, na watu tofauti, dakika 40 kila mara. Mahojiano mamoja yalikuwa ya vitisho na kushikwa kwa nguvu, mengine ya maneno tu. Siku iliyofuata kuachiliwa kwao, baadhi yao waliwekewa gwaride la watu hai wamtambue aliyewahoji. Aliyewahoji kwa maneno tu alitambuliwa na asilimia 62. Aliyewahoji kwa ukali alitambuliwa na asilimia 30. Hawa ni askari waliofunzwa, wamekaa uso kwa uso na mtu dakika arobaini, si msichana wa kibanda aliyevamiwa kwa sekunde 48 chini ya balbu moja.

Huko London nako, Tim Valentine na Jan Mesout walitumia jumba la burudani la kutisha. Waliwauliza wageni baadaye kuhusu mwigizaji aliyewatokea gizani. Katika nusu ya wageni walioogopa zaidi, asilimia 17 ndio waliomtambua. Katika nusu iliyoogopa kidogo, asilimia 75.

Mwizi wa pili naye anaelezeka kwa njia hiyohiyo. Alisimama nje ya dirisha, nje ya panga. Kwa yule wakala hakuwepo. Na robo saa? Loftus alikwisha kuonyesha kwamba watu waliotazama video ya wizi wa benki ya sekunde 30 waliikadiria, kwa wastani, kuwa ya dakika mbili na nusu. Kumbukumbu iliyosheheni tunaipa muda mrefu. Tajiri alipoiona video ile ya kamera alisema ni fupi mno kwa mtu kupata kuogopa. Sikumjibu.

PIN

Hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo watu wanapokosea zaidi na ndipo utafiti una jibu zuri zaidi.

Hofu inapopiga, mwili hufanya kazi kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza ni ya homoni ya adrenalini na nduguye noradrenalini. Huja kwa sekunde: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa maji. Zamu ya pili ni ya polepole. Ubongo hutuma ishara kutoka haipothalamasi kwenda tezi ya pituitari, pituitari huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya kotisoli kwenye damu. Kwa binadamu kotisoli hufikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kwa maneno mengine, wezi wamekwisha kufika mbali, majirani wamejaa, mtu anakwambia "ushapoa sasa," na ndani ya damu yako mambo ndiyo kwanza yamepamba moto.

Mwaka 1968 Bruce McEwen, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, na wenzake walionyesha kwamba homoni ya aina hii kwa panya hunaswa kwa wingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhifadhi na kutafuta kumbukumbu za matukio na mahali. Kabla ya hapo wengi waliichukulia kuwa ni homoni ya mwili, si ya fikra.

Kisha likaja jaribio la Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh la mwaka 1998. Panya walifunzwa kuogelea katika birika na kukumbuka mahali palipo na jukwaa lililojificha chini ya maji. Siku ya mtihani walipigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Wengine waliipata dakika 2 kabla ya kuingia majini, wengine dakika 30, wengine saa 4. Wa dakika 2 walipakumbuka. Wa saa 4 walipakumbuka. Wa dakika 30 walizunguka majini kama hawajawahi kufika. Walipopewa dawa ya kuzuia homoni ile isitengenezwe, kasoro ikaondoka. Miaka miwili baadaye watafiti hao walilirudia jambo hilo kwa binadamu. Watu walijifunza maneno, na kesho yake wakapewa kidonge cha kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kotisoli, saa moja kabla ya kuulizwa. Waliyakumbuka machache zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, ingawa usiku mzima maneno yalikuwa yamehifadhiwa salama.

Ni nusu saa, basi. Tajiri alifika kibandani na kumtaka aangalie salio kama nusu saa baada ya tukio, yaani katika dakika mbaya kupita zote. PIN haikufutika. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa muda. Asubuhi yake, akikoroga chai jikoni kwa shangazi yake, ilimjia nzima bila kuitafuta, akaisema kwa sauti peke yake.

Kuna pingamizi moja la haki. Lars Schwabe na Oliver Wolf wameonyesha, mwaka 2009, kwamba msongo huwasukuma watu kutenda kwa mazoea badala ya kutenda kwa kufikiri. Sasa PIN inayobonyezwa kutwa si mazoea? Mbona vidole havikumwokoa? Nadhani jibu liko sakafuni, kwenye ile simu iliyovunjika. Laini ilitolewa ikatiwa katika simu ya tajiri, simu pana ya kugusa, isiyo na vitufe vya kuinuka. Mazoea hukaa pamoja na kifaa chake. Vidole vilivyojua njia kwenye vitufe vilipewa kioo kitelezi, mwenye simu amesimama juu ya bega akisema "haraka, mwanangu, haraka." Alibaki na kufikiri peke yake, na kufikiri ndiko kulikokuwa kumezibwa. Hii ni tafsiri yangu, si matokeo ya maabara.

Kwa nini basi mpini wa panga ulikaa? Kwa sababu homoni zilezile zinazozuia kutafuta ya zamani husaidia kuchapa ya sasa. Larry Cahill na McGaugh, mwaka 1994, waliwasimulia watu hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari, baadhi yao wakiwa wamemeza propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini. Wiki moja baadaye, wasiomeza walikumbuka sehemu ile ya ajali kuliko sehemu nyingine za hadithi. Waliomeza hawakuonyesha tofauti hiyo. Amigdala, kiungo kidogo kilicho jirani na hipokampasi, ndicho kinachoongeza nguvu ya muhuri. Muhuri ule ulipigwa mahali macho yalipokuwa: mpini, mpira uliolegea, ukucha.

Wageni wa kumpa pole

Mjini kwetu mtu akipatwa na jambo watu huja. Walikuja majirani, wakaja wa upande wa marehemu babake, wakaja wenzake wa madrasa. Kila kundi lilitaka kisa tangu mwanzo. Mmoja alileta kombe la zafarani, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, wakala akayanywa, akalala usiku huo kwa mara ya kwanza, na mimi sina neno na kitu kinachomlaza mtu. Neno langu ni kwa maswali. "Alikuwa na ndevu, sivyo?" "Mrefu mrefu hivi?" "Si yule anayekaa karibu na kisima?"

Swali hupanda mbegu. Mwaka 1974 Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza kasi yake. Wengine waliulizwa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye, waliosikia neno la kupondana walisema zaidi ya mara mbili kuliko wenzao kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Na hilo lilikuwa neno moja tu, lililotamkwa mara moja. Yeye alipata jioni nzima za maswali, na kila aliposimulia, nafasi tupu ya uso ilizidi kuwa aibu. Mtu anayeambiwa "jitahidi ukumbuke" hujitahidi, na ubongo haupendi kurudi mikono mitupu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, linashauri dhidi ya kumkalisha mtu aliyetoka kwenye tukio la kutisha na kumtaka alipitie lote upya kama tiba. Sebule zetu hufanya hivyo kwa nia njema.

Kisha picha. Siku ya pili kundi la WhatsApp la mtaa lilipokea picha ya kijana aliyekamatwa na wananchi, amepigwa, shati limechanika, na maneno chini yake: huyu ndiye anayesumbua vibanda. Ilisambazwa tena na tena. Wakala aliifungua kitandani, akaikuza, akaifunga, akaifungua. Alinieleza kwamba mara ya kwanza hakuhisi chochote. Kufikia alfajiri ilikuwa sura ya mtu aliyemshikia panga.

Gwaride

Gwaride lilifanywa kwa utaratibu. Kanuni za polisi wa Kenya zinataka mshukiwa achanganywe na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha, na shahidi asimwone kabla. Ndani ya ua wa kituo hakumwona. Alikuwa amemwona chumbani kwake, kwenye kioo cha simu, usiku kucha, na hakuna aliyemuuliza swali hilo. Alimgusa bega bila kusita. "Ni huyu. Sina shaka hata kidogo."

Afisa alifurahi. Tajiri alifurahi nusu, kwa sababu sasa ilikuwa ajabu: kumbe anamjua, mbona alisema hamjui?

Na hapo ndipo mantiki ya tajiri na mantiki ya faili vilipogongana, kila mmoja akishika upande mbovu. Tajiri alidhani taarifa ya kwanza ni ya uongo na gwaride ni ukweli uliofichwa. Polisi walidhani taarifa ya kwanza ni ya mtu aliyechanganyikiwa na gwaride ni kumbukumbu iliyotulia. Mimi naona taarifa ya kwanza, pamoja na mashimo yake yote, ndiyo hati bora katika faili lile. Mashimo yake yako mahali ambapo utafiti unatuambia tuyatarajie, na kilichojaa kimejaa mahali pake. Uhakika wa gwaride ulikuwa wa kweli moyoni mwake, lakini ulikuwa uhakika wa picha.

Mahakama zetu zimekuwa na tahadhari hii kitambo. Katika kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitaka ushahidi wa utambulisho wa shahidi mmoja upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa mazingira yalipokuwa magumu. Wizi wa mabavu kwa sheria ya Kenya ni kosa la hukumu ya kifo. Si jambo la kumalizwa kwa bega lililoguswa.

Kilicholegeza kesi ni ukucha. Wakili wa yule kijana alisoma taarifa ya kwanza mstari kwa mstari, akaomba picha zilizopigwa kituoni alipopokelewa. Mikono inaonekana yote miwili. Kucha za vidole gumba ni safi. Damu iliyoganda chini ya ukucha wa kidole gumba haiondoki kwa siku chache. Husubiri ukucha ukue, na hiyo ni kazi ya miezi. Kitu alichokikumbuka kwa sababu ya hofu ndicho kilichompinga yeye mwenyewe alipokuwa na hakika.

Yaliyobaki

Usingizi umerudi kwa sehemu. Kusahau kumebaki: anasahau sufuria motoni, anasahau alichotumwa. Shangazi yake amesoma mahali kwamba msongo unakula ubongo, akaingiwa na hofu. Upo msingi wa maneno hayo, na baadhi yake umetoka hapahapa Kenya. Mwaka 1989 Hideo Uno, Robert Sapolsky na wenzao walieleza uharibifu wa hipokampasi kwa tumbili waliokufa wakiwa kwenye kituo cha utafiti nchini, wanyama walioonyesha dalili za kuteswa na wenzao kwa muda mrefu. Lakini tumbili aliyeteswa hadi kufa si kipimo cha msichana aliyeporwa mara moja. Tena mwaka 2002 Mark Gilbertson na wenzake waliwapima mapacha wanaofanana, mmoja alipigana Vietnam na mwenzake hakwenda. Palipokuwa na hipokampasi ndogo kwa askari aliyeathirika vibaya, pacha aliyebaki nyumbani alikuwa nayo ndogo vilevile. Huenda udogo ulitangulia vita. Nilimwambia shangazi kwamba sufuria inasahaulika kwa sababu mtu halali na masikio yako barabarani, na kwamba hilo hupungua.

Yule kijana aliachiliwa. Wakala bado anaamini ni yeye, na hajibishani na mtu juu ya hilo. Ukimwonyesha picha ya kucha anasema labda alizipaka kitu. Sijajaribu kumng'oa, kwa kuwa sijui ningeweka nini mahali pa sura ile. Tumekubaliana jambo dogo tu: akiulizwa tena na polisi, aeleze kwanza habari ya simu na kundi la WhatsApp.

Kwa tajiri tumefika nusu ya njia. Daftari la wateja na salio la laini vililingana na hesabu yake hadi mteja wa mwisho, na tuhuma ya kwamba alicheza nao ameiondoa kwa mdomo mbele ya shangazi. Mshahara alioukata mwezi wa kwanza baada ya tukio hajaurudisha. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha. Panga shingoni si uzembe. Mkataba wenyewe haujaandikwa, walikubaliana kwa mdomo, na barua kwa afisa wa kazi iko tayari iwapo mwezi huu nao atakata.